Nina digrii ya mazingira, nataka kazi ya maji na tabianchi hapa Dar: nijifunze kupima nini kwanza?

Kimara_Mwisho

Wakuu, habari za jioni. Nina shahada ya sayansi ya mazingira, naishi Kimara, ajira bado. Nataka kuingia kwenye uhifadhi wa maji na kuhimili mabadiliko ya tabianchi, hasa maji ya mjini. Vyeti nilivyonavyo zaidi ya shahada ni vya kozi fupi za tabianchi za mtandaoni, ila matangazo ya kazi yanataka mtu mwenye "uzoefu wa uwandani" na "uchambuzi wa takwimu za maji".

Naomba kujua: ujuzi gani hasa unatafutwa, mtu wa bajeti ndogo aanze na vifaa gani, na je, nirudi chuo? Naomba majibu ya kiufundi. Moyo ninao tayari.

Dira_Nusu_Inchi

Karibu mdogo wangu. Nianze na lisilopendeza: cheti cha tabianchi cha mtandaoni hakimwajiri mtu kwenye maji. Anayeajiriwa ni anayeleta namba, anaitetea, na anajua inaweza kuwa imekosea kwa kiasi gani. Dar namba inayotafutwa kuliko zote ni ya maji yanayopotea njiani. Mji huu unakunywa Mto Ruvu. Mtambo wa Ruvu Chini una uwezo wa mita za ujazo 270,000 kwa siku, Ruvu Juu 196,000. Mwishoni mwa 2022 mto uliposhuka, uzalishaji ukashuka nao na mgao ukaingia mitaani. Maji yanayookolewa kwenye bomba linalovuja Tabata ni maji yasiyohitaji kusukumwa upya kutoka Mlandizi. Kuhimili tabianchi kwa hapa kwetu kunaanzia kwenye chemba ya dira ya maji.

Kipimo cha msingi ni mtiririko mdogo wa usiku. Unachagua eneo lenye mlango mmoja wa kuingizia maji, tuseme wateja 300, valvu zote za mpakani zikiwa zimefungwa kikweli. Usiamini mpini: funga, kisha weka kipima presha upande wa pili uone kama inashuka. Pima maji yanayoingia kuanzia saa 8 usiku hadi saa 10 alfajiri. Tuseme unapata mita za ujazo 6 kwa saa. Matumizi halali ya usiku ukiyakadiria lita 2 kwa saa kwa kila mteja, ni lita 600, yaani 0.6. Zinabaki 5.4, na huo ndio uvujaji.

Hapo wengi wanazidisha kwa 24 na kuandika 129.6 kwa siku. Usifanye hivyo. Usiku presha ni kubwa kwa kuwa watu hawachoti, kwa hiyo uvujaji wa usiku ni mkubwa kuliko wa mchana. Unazidisha kwa idadi ya saa iliyopunguzwa kulingana na presha uliyorekodi mchana kutwa. Ikitoka 20, jibu ni 108. Tofauti ya karibu uniti 22 kwa siku kwenye eneo dogo kama hilo inatosha kuua hoja yako mbele ya mhandisi.

Hayo ni ya kitabuni. Dar kila nyumba ina simtanki, na maji yakitoka baada ya siku mbili za mgao, matanki yanajaa usiku kucha. Dira ya eneo itasoma mtiririko mkubwa, wewe utaandika "uvujaji" kumbe ni watu wanajaza. Dawa ni kuomba eneo lipewe maji mfululizo saa 24 hadi 48 kabla ya kupima, matanki yajae na maboya yafunge. Ikishindikana, pima kwa hatua: funga mtaa mmoja baada ya mwingine na angalia mtiririko unashuka kwa kiasi gani kila ukifunga.

Jua pia dira inavyodanganya. Maji yakirudi baada ya mgao, hewa inatangulia na kuzungusha dira, mteja analipia upepo. Upande wa pili, boya la tanki linapokaribia kufunga hupitisha maji kidogo kidogo mno, na dira kuukuu haisogei kabisa. Dira iliyofungwa imelala upande nayo husoma pungufu. Mtu akijua haya matatu, namjua kashika bomba.

Kisima_Kirefu

Mkuu wa dira kaongea vizuri, ila asisahau kwamba sehemu kubwa ya mji inaishi kwa visima. Kigamboni, Mbagala, Mbezi Beach, kote huko kuna visima virefu vya watu binafsi, na tatizo la kesho ni chumvi. Huku ndiko mtu wa sayansi ya mazingira anaweza kuingia bila kuwa mhandisi.

Kanuni ya kuanzia: kwenye pwani, kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari inashikilia kama mita 40 za maji baridi chini ya usawa huo, kwa sababu maji ya bahari ni mazito kidogo. Maji ya ardhini yakiwa nusu mita juu ya bahari, una mita 20 tu za maji baridi chini. Visima vya jirani vikiyashusha kwa sentimita 30, kwa nadharia mpaka wa chumvi unapanda mita 12. Haupandi siku hiyohiyo, unachukua muda, na ndiyo maana watu huja kushtuka pampu ikiwa ndani miaka kadhaa. Bahari ikipanda na mvua ya kujaza ardhi ikipungua, hesabu hiyo inabana kutoka pande zote mbili.

Kifaa cha kuanzia ni kipima uwezo wa maji kupitisha umeme, cha mkononi, chenye kusahihisha joto hadi nyuzi 25. Kinasoma mikrosimens kwa sentimita. Maji ya bahari ni kama 50,000, kwa hiyo hata chumvi kidogo inaonekana mapema. Nunua na chupa ya suluhisho la 1413 la kusahihishia, yaani maji ya chumvi yanayojulikana kusoma mikrosimens 1413, na sahihisha kila asubuhi kabla ya kutoka. Kifaa bila suluhisho ni pambo.

Sampuli nayo ina taratibu zake. Maji yaliyolala kwenye bomba la kisima siyo maji ya ardhini. Unatakiwa utoe ujazo wa kisima mara 3 ndipo upime. Kisima cha kipenyo cha inchi 6 kina kama lita 18 kwa kila mita ya maji. Ukiwa na mita 30 za maji ni lita 540, mara 3 ni 1,620. Pampu ya mita 2 za ujazo kwa saa inahitaji kama dakika 50. Anayefungua koki na kupima palepale anapima tanki la mwenye nyumba.

Na ukiona chumvi imepanda usikimbilie kusema bahari. Mitaa yetu ina vyoo vya shimo kila kiwanja, na mkojo nao una chumvi. Pima naitreti pamoja na kloraidi. Zikipanda zote mbili, shuku choo kwanza. Kloraidi ikipanda peke yake, hasa kwenye visima vilivyo upande wa bahari, hapo ndipo bahari inaingia kwenye mazungumzo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa naitreti ni miligramu 50 kwa lita, na kloraidi ikivuka kama 250 watu wengi wanaanza kuisikia mdomoni.

Kina cha maji hakihitaji kifaa cha gharama. Waya wa nyuzi mbili uliowekwa alama kila mita, ncha mbili zikiwa wazi bila kugusana, na kipima umeme cha fundi juu. Ncha zikigusa maji, kipimo kinasogea. Rekodi kina pamoja na saa, na andika pampu ilizimwa lini. Kina kilichopimwa dakika tano baada ya pampu kuzimwa hakilinganishwi na cha alfajiri.

Utakapopelekwa kwenye jaribio la kusukuma maji saa 24, angalia bomba la kumwagia linaishia wapi. Mara nyingi linaishia mita tano kutoka kisimani. Mchanga wa Dar unayanywa na kuyarudisha, na kisima kinaonekana kizuri kuliko kilivyo.

Kimara_Mwisho

Asanteni sana wakubwa. Kisima_Kirefu, takwimu za visima vya watu nitazipataje? Na kuna aliyegusa mafuriko? Mimi nilidhani tabianchi Dar ni mafuriko ya Mto Msimbazi kwanza.

Kisima_Kirefu

Vibali vya kuchimba na kutumia maji viko chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, kwa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009. Mchimbaji hutakiwa kuandika kumbukumbu za kisima: tabaka za udongo, kina cha maji, kiasi kinachotoka. Nenda na barua ya chuo au ya taasisi, omba eneo moja tu, tuseme kata mbili za Kigamboni. Ukiomba mji mzima utaambiwa subiri. Na nyumba kwa nyumba pita na mjumbe wa shina.

Jangwani_Bondeni

Msimbazi nimeachiwa mimi naona.

Kwa mafuriko ya mjini hesabu ya kwanza ni rahisi kuliko watu wanavyoitisha. Mtiririko kwa mita za ujazo kwa sekunde ni mgawo wa maji yasiyonywewa na ardhi, mara ukali wa mvua kwa milimita kwa saa, mara hekta, gawanya kwa 360. Mtaa wenye mabati na saruji, mgawo 0.7, mvua milimita 80 kwa saa, hekta 12. Jibu ni karibu 1.9.

Sasa chukua mfereji wa zege wenye upana wa mita 1 na kina cha mita 1, ukishuka mita 1 kila mita 200. Ukiwa msafi unapitisha kama 2.3. Uko salama. Ujaze mchanga sentimita 40, kama inavyokuwa kila mwaka kabla ya masika, unabaki na kama 1. Mvua ileile, mfereji uleule, maji yako sebuleni. Ripoti nyingi zinaandika "mabadiliko ya tabianchi yamesababisha mafuriko" bila mtu kuchomeka fimbo kwenye mfereji kupima mchanga. Mvua kali inaongezeka ndiyo, lakini namba ya mchanga unaipata kwa fimbo yenye alama na daftari, na ndiyo itakayomwambia mhandisi wa manispaa azoe nini na wapi.

Takwimu za mvua: CHIRPS, makadirio ya mvua ya setilaiti na vituo, ni bure, inaanzia 1981, kila kisanduku ni kama kilomita 5. Itumie kwa jumla ya mwezi na msimu, kuona masika na vuli vinavyobadilika. Usiitumie kupanga ukubwa wa mfereji, kwa sababu hupunguza vilele vya mvua kali na haikupi mvua ya nusu saa. Za kupangia mifereji omba Mamlaka ya Hali ya Hewa.

Jambo la pili linaloharibu kazi za vijana ni urefu wa ardhi. Wanapakua ramani ya miinuko ya setilaiti ya mita 30, wanaitia kwenye programu ya kuigiza mafuriko kama HEC-RAS, wanapata picha ya buluu inayopendeza. Ramani hiyo inaweza kukosea kwa mita kadhaa, na Jangwani tofauti ya nusu mita ndiyo nyumba kuzama au kupona. Ramani Huria, iliyoanza 2015 hapa Dar, iliwatumia wanafunzi na wakazi kuchora mifereji na nyumba mtaa kwa mtaa, na data zake ziko wazi kwenye OpenStreetMap. Anza na hizo kwenye QGIS, programu ya bure ya ramani, kisha nenda na mpira wa maji wa mafundi ujenzi, ule wa kutafutia levo. Unakupa tofauti ya milimita chache kwa mita kumi. Ni wa taratibu, lakini haudanganyi.

Mama_Haidro

Wanangu mmemjibu ufundi, mimi nimjibu la chuo na ajira.

Kwanza, shahada ya sayansi ya mazingira haikupeleki kwenye usajili wa uhandisi, hata uwe na uzoefu gani. Bodi ya Usajili wa Wahandisi inasajili waliosoma uhandisi, na mhitimu hupitia mafunzo ya miaka mitatu chini ya usimamizi kabla ya kuwa mhandisi kamili. Tangazo likisema "Mhandisi wa Maji", usipoteze muda wako. Tafuta Afisa Mazingira, haidrolojia, ubora wa maji, mchambuzi wa takwimu.

Chuo cha Maji pale Ubungo kina stashahada za haidrolojia na hali ya hewa, haidrojiolojia na uchimbaji visima, maabara ya ubora wa maji, na usambazaji maji. Kurudi stashahada ukiwa na shahada wengi wanaona ni kushuka. Mimi naona inategemea. Ukitaka kuwa Fundi Sanifu unayeshika vifaa, ni njia nzuri na nafasi zake hutangazwa. Ukitaka kupanga na kushauri, shahada ya uzamili ya rasilimali za maji pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni bora, lakini ingia ukiwa na takwimu zako mwenyewe za kufanyia utafiti, usiingie mikono mitupu.

Waajiri usiwaone kama kundi moja. DAWASA ni maji ya mjini na mabomba. RUWASA ni vijijini. Bodi za mabonde, ziko tisa nchini, ni mito, vibali na vipimo. Halafu kampuni za ushauri, wachimba visima, hoteli na viwanda vinavyotaka kupunguza bili. Za serikali zinapita kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira. Ila chanzo ambacho vijana hawakisomi ni zabuni zinazotangazwa kwenye NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi mtandaoni. Nyaraka za zabuni ya ushauri husema kazi inataka wataalamu gani na wawe wamefanya nini. Soma kumi za sekta ya maji na utajua soko linanunua nini. Huko kwenye fedha za tabianchi, NEMC, baraza la taifa la mazingira, ilipata ithibati ya Mfuko wa Kuhimili na benki ya CRDB ilipata ya Mfuko wa Kijani wa Tabianchi. Andiko lolote huko hudai kueleza hali ya sasa kwa namba, na anayejua kuzikusanya hakai benchi muda mrefu.

Kwenye CV ondoa "mpenda mazingira". Andika: "Nimepima visima kadha, miezi kadha, kwa kifaa fulani, nikakisahihisha kwa suluhisho fulani." Mstari mmoja wa namna hiyo unatosha kuitiwa usaili.

Kimara_Mwisho

Shikamoo mama, nashukuru. Je, nikifanya kazi ndogo ya mfano kwenye shule ya msingi, ya kuvuna maji ya mvua, itahesabika?

Fundi_Gata

Itahesabika sana dogo, na hesabu yake rahisi. Paa la mita za mraba 200, mvua ya Dar chukua milimita 1,000 kwa mwaka, mgawo 0.8 kwa bati: lita 160,000. Wanafunzi 400 kwa lita 2 ni lita 800 kwa siku, siku 190 za masomo ni 152,000. Maji yanatosha na chenji inabaki. Weka simtanki la lita 10,000, kazi imeisha.

Mama_Haidro

Fundi, hapo umemwingiza kijana mtegoni. Wastani wa mwaka haunywi mtu. Aprili inaweza kumwaga zaidi ya milimita 200 peke yake. Kwenye paa hilo ni lita 32,000 na zaidi, na tanki lako la 10,000 likishajaa kinachobaki kinakwenda mtaroni. Likija Julai limejaa, kwa lita 800 kwa siku linaisha siku ya 13.

Fanya mwezi kwa mwezi. Julai hadi Septemba kuna kama siku 55 za masomo: lita 44,000. Mvua ya miezi hiyo chukua milimita 25 kwa mwezi, inaleta lita 12,000 kwa jumla. Pengo ni 32,000. Ama matanki ya kufikia kiasi hicho, ama maji ya paa yawe ya kunawa tu na ya kunywa yatoke bombani. Kijana akiweka jedwali hilo kwenye Excel na kuonyesha tanki la 10, la 20 na la 32 kila moja linaishiwa siku ngapi, hiyo ni kazi ya kuonyesha kwenye usaili.

Fundi_Gata

Sawa mama, jedwali nimelikubali. Basi nimpe ya paani. Gata lishuke sentimita 1 kila mita 1, na vishikilio visizidi mita 1 kati yao, la sivyo linabonyea katikati na kufuga mbu. Maji ya kwanza yamwagwe: lita 0.5 hadi 1 kwa kila mita ya mraba ya paa, kwa hiyo paa hilo ni lita 100 hadi 200. Bomba la inchi 4 lililosimama linabeba kama lita 8 kwa mita, usilitegemee kwa paa la ukubwa huo; weka pipa. Liwe na koki ndogo chini inayovuja taratibu lijimwage lenyewe, maana likisubiri mtu alifungue, mvua ya pili inalikuta limejaa uchafu. Bomba la kumwagia ziada liwe na ukubwa sawa na la kuingizia, likiwa na wavu. Wanaweka la nusu inchi, tanki linafurika kwenye mfuniko na msingi unachimbika.

Kimara_Mwisho

Nimeelewa wakuu. Naanza na kipima chumvi na jedwali la shule. Kisima_Kirefu, hilo suluhisho la 1413 linakaa muda gani?

Kisima_Kirefu

Soma tarehe kwenye chupa, na ukishaifungua iandike tarehe ya kufungua. Mimina kidogo kwenye kikombe kisafi ulichokisuuza kwa suluhisho hilohilo, ukimaliza mwaga, usirudishe kwenye chupa. Usiliache kwenye gari juani. Na ukifika kisimani, kabla ya kuandika, suuza kifaa mara mbili kwa maji ya kisima unachopima. Tone la kisima cha jana likibaki, kisima kisafi cha leo kinasoma juu.